Borni za simenti zimepandwa mashambani, barabara ya Kasenga: tuanzie wapi?

Mwana wa Dembo
Jambo kwenu bandugu. Kijiji chetu kiko karibu kilometa 25 kutoka Lubumbashi, Kongo (DRC), barabara ya Kasenga. Wiki mbili zimepita tangu watu wenye GPS wakate mistari porini, upana kama mita mbili, na kupanda borni (nguzo za mpaka) za simenti zenye rangi nyekundu. Moja iko karibu kabisa na kisima. Hakuna barua iliyosomwa mbele ya watu. Wengine wanasema ni kariyeri (machimbo) ya mawe, wengine wanasema ni viwanja vya kuuza. Ndani ya mpaka huo kuna mashamba ya mihogo na mahindi, dembo (bonde lenye majimaji) lenye chemchemi tunayoteka kiangazi chote, na pori la makala (mkaa) na uyoga. Vijana wanataka kufunga barabara, wazee wanataka barua. Kipi kitangulie?

Kalamu Kavu
Vyote visubiri siku tatu, nne. Kwanza mjue mwenye borni ana karatasi gani mkononi, kwa sababu kila karatasi ina ofisi yake, na barua iliyofika ofisi isiyohusika inalala kabatini.

Piteni borni zote. Kila moja ipigwe picha, herufi na tarakimu zilizoandikwa juu yake zinakiliwe, na pointi ya GPS ichukuliwe. Simu chini ya miti hukosea mita 5 hadi 10, kwa hiyo simama dakika mbili kabla ya kuhifadhi pointi. Msing'oe hata moja! Ukiing'oa, wewe ndiye unageuka mshtakiwa, na habari ya shamba inasahaulika.

Halafu mpeleke pointi hizo sehemu mbili. Ya kwanza ni kadasta ya madini, CAMI. Ramani yake iko pia kwenye intaneti. Vibali hupimwa kwa miraba, na mraba mmoja ni hekta 84.955. Mkiona PR, hicho ni kibali cha utafiti, hakimpi mtu ruhusa ya kuchimba na kuuza. AECP ni ruhusa ya kariyeri ya kudumu, AECT ni ya muda. Ya pili ni ofisi ya ardhi: muulize kama kuna faili la kugawa viwanja au ombi la konsesio (haki ya kutumia ardhi ya serikali). Kama CAMI hakuna kitu, msishangilie bado, faili linaweza kuwa kwa watu wa ardhi.

Kosa moja linaua kazi nzuri: kuchanganya mifumo ya vipimo vya ramani. Lubumbashi iko UTM kanda ya 35 Kusini, na GPS ya leo inatumia WGS 84. Ramani za zamani zinatumia Arc 1950, na mpaka uleule unaweza kusogea zaidi ya mita mia moja. Mtasema borni iko ndani ya shamba, wao watawaonyesha iko ng'ambo ya barabara.

Mama Mihogo
Ndugu Mwana wa Dembo, ukiangalia umetaja mashamba vizuri lakini pori umelipitia haraka. Hapo ndipo watu wanapoteza. Kwenye faili wataandika kwamba mahali ni patupu, hapakaliwi na mtu. Sheria ya ardhi ya 1973, kifungu cha 388, inasema ardhi ya jamaa za kienyeji ni ile wanayokaa, wanayolima *au wanayoitumia kwa namna yoyote*, kila mtu peke yake au kwa pamoja, kufuatana na desturi. Shamba lililopumzishwa limo. Uyoga, viwavi, asali, dawa, makaburi, njia ya maji, vyote vimo. Lakini visipoandikwa havionekani, kwa sababu kwenye picha ya setilaiti shamba lililolala miaka sita linafanana na msitu.

Chukueni daftari moja kubwa. Kila familia iandikwe: jina, shamba liko wapi, lililimwa mwaka gani mara ya mwisho, nani jirani. Kwa pori, andikeni mwezi na kitu kinachotoka. Wamama waende wenyewe kuonyesha, maana wanaume hawajui nusu ya sehemu za uyoga. Chini ya kila ukurasa watu wawili waweke sahihi au kidole.

Yaya Ngoma
Karatasi, karatasi! Wakati mnaandika uyoga, katapila inashuka. Bila kelele hakuna ofisi inayoamka.

Kalamu Kavu
Yaya, kelele sikatai, ila ina utaratibu wake. Kifungu cha 26 cha Katiba kinadai mjulishe wakubwa kwa maandishi kabla ya maandamano. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi na tarehe. Kufunga barabara ya Kasenga kunawazuia wenye mahindi na samaki, watu ambao mngewahitaji upande wenu, na vijana watatu wakikamatwa pesa yote ya kamati inaishia kuwatoa.

Kabla ya hapo tumieni kifungu cha 27. Ni petisyo, yaani ombi la maandishi lenye sahihi za watu: mamlaka ya serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Wengi wanaiharibu kwa kukusanya sahihi kwenye karatasi nyeupe na kuibandika nyuma ya barua. Mpinzani anasema watu walisaini orodha ya mbegu. Maneno ya ombi yarudiwe juu ya kila ukurasa, mistari ihesabiwe 1 hadi 20, kila mstari uwe na jina, namba ya karte ya mpiga kura, na sahihi. Iende kwa administrateri wa teritwari, nakala kwa gavana, Divizio ya Madini na ofisi ya mazingira ya mkoa.

Ombeni kitu kimoja kinachojibika: "tupewe nakala ya EIES (uchunguzi wa athari za mradi kwa mazingira na watu) na ya ripoti ya uchunguzi wa umma." Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inadai vyote viwili kabla ya mradi wa namna hii. Kama havipo, kutokuwepo kwake ni hoja yenu kubwa kuliko machozi. Kama ni kariyeri, pimeni pia kwa kamba: sheria ya madini (Code minier), kifungu cha 279, inakataza kushika eneo lililo chini ya mita 180 kutoka nyumba, au mita 45 kutoka shamba lililolimwa, bila ridhaa ya mwenyewe. Neno ridhaa ndilo watakalokuja kulinunua, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo hakuna mtu kuwaona peke yake. Wawe wawili, na waandike.

Fundi Chemchemi
Mimi niseme juu ya dembo tu. Dembo linafanya kazi kama sponji: linanyonya mvua ya Novemba hadi Machi na kuiachia polepole mpaka Oktoba. Kariyeri ikishuka chini ya usawa wa maji, lazima wapampu ili wafanye kazi pakavu, na maji yanayopampiwa ni yale yale ya kisima chenu. Chemchemi itakauka Agosti, nao watasema ni ukame. Bila vipimo vya *kabla*, hamna jibu.

Kisima: kamba yenye jiwe, pimeni kutoka alama moja ya ukingo, kila Jumamosi asubuhi kabla ya watu kuteka. Chemchemi: ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 25, ni lita 48 kwa dakika. Rudieni mara tatu, chukueni ya katikati. Andikeni na mvua ya wiki hiyo.

Mwana wa Dembo
Asanteni sana. Leo tumejua: ni kariyeri, na mzee shefu (mkuu wa kijiji) alishaweka kidole kwenye PV (hati rasmi ya maelezo). Tumekwisha?

Mama Mihogo
Hapana. Kidole cha shefu si kibali, ni ushuhuda ndani ya faili. Ombeni nakala ya PV, mwangalie tarehe, hekta, kroki (mchoro wa eneo), na majirani waliotajwa. Kama imeandikwa "hapakaliwi", ambatanisheni kurasa za daftari na picha za mihogo zenye tarehe. Na msimtukane mzee hadharani wala redioni. Mkimwachia mlango, ataandika mwenyewe barua kwamba hakusomewa ile karatasi kwa lugha anayoielewa. Mkimfungia, atabaki upande wao.

Kalamu Kavu
Na wakili aonwe wiki hii, si baada ya jibu la petisyo. Muda wa kupinga hati ya serikali ni mfupi, na petisyo haiusimamishi.

Mwana wa Dembo
Sawa, mukubwa. Fundi, maji ya kupeleka laboratwari tuchukue katika chupa ya soda?

Fundi Chemchemi
Hapana, chupa mpya ya plastiki ya nusu lita, waulizeni laboratwari wawape, na kwa metali waitie asidi ya nitriki wao wenyewe. Suuzeni mara tatu na maji ya pale pale, mkono usiingie mdomoni mwa chupa, jazeni, andikeni saa na pointi ya GPS. Moja ichukuliwe upande maji yanakotoka kabla ya kufika kwenye borni, moja upande yanakoshukia. Ziwekwe kwenye barafu na zifike siku hiyo hiyo.