Kifundo cha mkono kimevimba tangu tuanze kupogoa zabibu, niendelee kuchua?

Binti Hombolo
Mbukwenyi wakubwa. Nina kibarua cha kupogoa zabibu huku Hombolo na mkono wa kulia umenigomea. Panauma upande wa dole gumba, juu kidogo ya kifundo, na kametokea kauvimbe kagumu kama harage. Kusonga ugali ndiyo usiseme: nikigeuza mwiko tu, maumivu yanapanda hadi karibu na kiwiko. Sikuanguka, sina homa. Bibi mchuaji anadai mshipa umeruka, kila jioni ananikandamiza na mafuta ya moto, kesho yake uvimbe umezidi. Diklofenaki nikimeza napoa, ikiisha nguvu narudi palepale. Mama mkwe anasema ni baridi. Nifanyeje?

Tabibu wa Kongwa
Pole dada. Huyo bibi apumzike kwanza, hakuna mshipa ulioruka. Kano mbili za dole gumba, yaani kamba zinazounga msuli na mfupa, hupita kwenye ala nyembamba inayozifunika kama mfuko, hapo unapopataja. Ukibana mkasi kutwa, ala inanenepa, njia inakuwa finyu, kano zinasuguana humo kila ukikamata kitu. Kuchua kwa nguvu ni kuuchokoza msuguano uleule. Unaitwa ugonjwa wa de Quervain, jina la daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kina mama wenye vichanga unawasumbua sana, kwa kule kunyanyua mtoto kutwa.

Jipime mara moja: kunja dole gumba ndani ya kiganja, vidole vingine vilifunike, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukiruka kwa maumivu, huenda ndiyo hiyo.

Dawa kubwa ni kulipumzisha dole gumba. Bandeji ya kifundo peke yake haitoshi, tafuta kishikizo kinacholishika na dole lenyewe, ukae nacho wiki 3 hadi 6. Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15. Diklofenaki isiwe chakula: ni ya siku chache, ukishashiba, na mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mimba asiiguse bila kuuliza. Isipotulia, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa kwenye ala, na wengi hupata nafuu hapo. Mwenye kisukari aseme mapema, maana huipandisha sukari kwa siku kadhaa.

Boda Area C
Tabibu, mimi niliangukia kiganja wiki iliyopita, panauma nikibonyeza chini ya dole gumba. Nami nivae hicho kishikizo?

Tabibu wa Kongwa
Wewe kapige eksirei, mkuu. Kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake unaweza usionekane siku za mwanzo, ikabidi picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Na yeyote ambaye kifundo ni chekundu, cha moto, na ana homa, hiyo ni hospitali leo hii. Vikivimba vyote viwili na asubuhi vinakaza zaidi ya nusu saa, kapime baridi yabisi.

Binti Hombolo
Nimejipima, jirani kachungulia kwa yowe langu! Ila nikikaa nyumbani silipwi.

Mzee wa Mpunguzi
Binti, angalia mkasi. Vibarua hupewa mkasi butu wenye springi iliyochoka, tawi moja unalibana mara mbili. Unolewe kila asubuhi, tone la mafuta kwenye pini, na matawi manene yakatwe kwa msumeno. Mimi vibarua wangu nawabadilisha: nusu siku mkasi, nusu siku kuzoa matawi. Muombe msimamizi hivyo. Na mwiko mkabidhi mama mkwe.