Taa za kileleni na injini

Mashua ya tanga, mita 9. Nafunga kileleni taa ya rangi tatu (nyekundu, kijani na nyeupe katika taa moja) na ya nanga. Zinatosha nikiwasha injini?

— Hapana. Ya rangi tatu ni ya tanga tupu, chombo kisichofika mita 20. Injini ikiwaka, zima taa hiyo ya rangi tatu. Washa taa za ubavuni za chini, nyekundu kushoto na kijani kulia, nyeupe ya tezi, yaani nyuma (inayoangaza digrii 135), na nyeupe ya mbele (digrii 225), mita 1 au zaidi juu ya zile za ubavuni.

— Chini ya mita 12, nyeupe ya pande zote, hiyo hiyo ya nanga, hushika nafasi ya nyeupe zote mbili. Za ubavuni lazima.

— Glopu ya wati 10 kwa volti 12 hula Ah (ampea-saa) 10 za betri kwa saa 12. LED ya wati 2, Ah 2 tu. LED duni huvuruga VHF (redio ya mawasiliano), kwa hiyo ijaribu kabla hujapanda mlingoti.