Mjadala: Uendelevu wa barabara upimwe kwa shilingi, au uwe sharti la kuzuia mradi?

Kalavati: Upembuzi yakinifu wa barabara zetu za wilaya hapa Tanzania hugeuza kila kitu kuwa shilingi, kisha hupunguza thamani ya shilingi za baadaye, mara nyingi kwa asilimia 12 kwa mwaka. Chukua kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lenye kipenyo cha milimita 600, ambalo mafuriko yatalibomoa mwaka wa 20. Kulijenga upya pamoja na tuta lake ni milioni 100. Kwa asilimia 12, hasara hiyo inaingia kwenye hesabu ya leo kama milioni 10.4 tu, kwa asilimia 6 ni milioni 31. Sasa kama kuweka la milimita 900 tangu mwanzo kunaongeza milioni 25, hesabu ya kwanza inakataa, ya pili inakubali. Mto ni ule ule, mvua ni ile ile! Mimi nasema kalavati la kutosha liwe sharti: usipolitimiza, mradi haupiti.

Mchumi wa Njia: Mkuu, kasoro uliyoionesha ni ya kiwango cha asilimia kinachotumika kupunguza thamani, si ya shilingi. Sharti lisilo na bei hufutwa siku bajeti inapopungua, na panga huanzia kwenye mifereji, kwa sababu lami huonekana na mfereji hauonekani. Hesabu zifanywe mara mbili, kwa 12 na kwa 6, zote zikae kwenye ripoti. Jibu likigeuka, anayeamua aandike sababu na kuitia saini.

Mfinyanzi Mweusi: Wote wawili mnaziamini takwimu mno. Magari huhesabiwa siku 7, tena kiangazi njia inapopitika. Msimu wa kutoa mpunga shambani haumo. Na machimbo ya changarawe je? Kilomita 1 yenye upana wa mita 6 na changarawe ya milimita 150 iliyoshindiliwa inataka mita za ujazo 900. Ikilika milimita 25 kwa mwaka, mita za ujazo 150 zinapotea kila kilomita, nyingine vumbi, nyingine zinasombwa hadi mtaroni. Mwaka wa 4 ukiisha zimebaki milimita 50. Tairi zinaanza kugusa udongo wa chini, na udongo wa mfinyanzi mweusi ukilowa lori linazama hadi ekseli. Ukitaka kurudishia, machimbo ya karibu yamekwisha. Yaliyobaki yako kilomita 20, si 5 tena. Lakini ripoti inaendelea na kilomita 5 kwa miaka yote 20! Ndiyo maana lami nyepesi, ambayo mwongozo wa mwaka 2016 wa barabara zenye magari machache unairuhusu, inaonekana ghali kuliko ilivyo.

Kalavati: Hoja ya machimbo naipokea kwa mikono miwili. Ila sharti limewahi kufanya kazi ambayo shilingi isingeiweza. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Njia ya nyumbu ungeiwekea bei gani?

Mchumi wa Njia: Hapo nakubali, kisichoweza kurudishwa kiwe sharti. Lakini tazama wakati: kesi ilifunguliwa 2010, njia ikiwa imeshachorwa. Tathmini ya mazingira inayokuja baada ya njia kuchaguliwa hubaki kupunguza madhara tu. Ianze kwenye ramani, njia zikiwa bado tatu au nne, kabla mpimaji hajapiga kigingi. Kalavati linajengwa upya, kwa hiyo hilo libaki kwenye shilingi.

Mfinyanzi Mweusi: Na bonde la mpunga utaliweka wapi? Tuta likilikata na kuachiwa kalavati moja katikati, upande wa juu maji yanatuama, upande wa chini yanakuja kwa nguvu sehemu moja na kuchimba korongo. Mashamba ya pembeni yanakauka. Dawa ni makalavati mengi madogo yaliyosambazwa kwenye upana wote wa bonde, sakafu zake zilingane na usawa wa ardhi ya asili. Yasipowekwa, korongo likishachimbika mita 2, hilo nalo mtaliita linalorekebishika?