Mama mjane wa miaka 58 akitaka kuolewa, watoto wana kauli?

Wadau, naleta hili maana limeigawa familia yetu hapa Temeke.

Mama yangu mdogo ana miaka 58. Mumewe alifariki, mwaka wa tano huu. Eda ya miezi minne na siku kumi kaikaa zamani, na watoto wake wote wanne wana miji yao. Juzi mzee mmoja mstaafu, naye kafiwa na mke, kaleta posa kwa wajomba kwa adabu zote. Watoto wamewaka. Mmoja anasema mama anawaaibisha ukweni. Mwingine anasema huyo mzee kafuata nyumba.

Mimi nasema hawana kauli. Baba yao mkubwa alipofiwa, hata mwaka haukuisha akaoa, na hao hao ndio waliokodi kosta kumsindikiza. Eti mzee anahitaji wa kumpikia uji. Mama je, hahitaji wa kumwuliza usiku kama kameza dawa ya presha? Tena bahati yake kaja mtu mzima. Angekuwa kijana, neno marioo lingefika hadi Yombo.

Tusizunguke. Aibu ni kisingizio, kinachogombewa ni nyumba: vyumba sita vya kupangisha, na mirathi haijafunguliwa hadi leo. Hapo wana hoja. Lakini dawa yake ni kwenda Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi ateuliwe, kila mtu ajue fungu lake. Fungu la mama litabaki la mama: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, ila wenyewe wakikubaliana vingine. Na kifungu cha 68 kinampa mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye, mila iseme isemavyo.

Shangazi mmoja katoa la kwake: wakae tu kimya kimya, ndoa ya nini uzeeni? (Huyo ndiye mcha Mungu wetu.) Sasa wakiishi pamoja miaka miwili, mtaa ukawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinafanya wadhaniwe wameoana. Kwa hiyo hata hofu ya nyumba hajaitibu.

Kikao ni Jumapili baada ya alasiri. Mliopitia haya: mirathi mliimaliza kwanza, au mlifungisha ndoa halafu mkahangaika na vyumba baadaye?