Nataka kuzisoma sayari kwa vitabu. Nianze na kipi? (niko Tororo)

Mlinzi_wa_Zamu
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mlinzi wa ghala hapa Tororo, zamu ya usiku. Kiswahili nimekulia nacho kambini, marehemu baba alikuwa mwanajeshi. Shule niliishia Senior 4. Fizikia niliipenda sana ila karo ikakosekana.

Sasa nataka kuzisoma sayari kwa mpangilio, na nataka vitabu. Video nimezitazama. Zinameza bando, halafu zinakwambia Zuhura ina joto la nyuzi 460 bila kukwambia mtu alijuaje. Mimi hilo la "alijuaje" ndilo ninalolitafuta.

Nina kitabu kimoja cha Kiingereza nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mtumba Kampala, cha mwaka 1972. Kinasema sayari ni tisa, Mshtarii ina miezi 12 na Zohali 10. Binti yangu wa P.6 anasema wao wanafundishwa sayari nane. Je, nikiweke kando au bado kina faida? Nianze na kitabu gani chenye uzito ambacho mtu wa kipato changu anaweza kukipata? Na hesabu: za Senior 4 zitatosha? Kiingereza nasoma, polepole lakini nafika.

Mwl_Fizikia_Arua
Karibu sana afande. Kitabu chako usikitupe, ila ujue kipi ndani yake kimezeeka na kipi hakijazeeka.

Umbali wa sayari kutoka kwenye jua, ukubwa wake (ila wa Pluto), muda wa kulizunguka jua, sheria za Kepler za mizunguko ya sayari: hayo soma bila wasiwasi. Idadi ya miezi iache. Mwaka 1972 Mshtarii ilijulikana kuwa na miezi 12 kweli. Leo imepita 90, na Zohali imefika 274 baada ya mingine 128 kutangazwa kwa mpigo Machi 2025. Pluto nayo iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006 na Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ndiyo maana binti yako anahesabu nane. Yuko sahihi.

Mimi kila nikishika kitabu cha sayari, kabla ya picha naangalia mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha kabla ya 1979 hakijui kwamba Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una volkano zinazolipuka, kwa sababu chombo cha Voyager 1 kilikuwa hakijapita huko. Cha kabla ya 1989 hakina picha ya karibu ya Neptuni. Cha kabla ya 2005 hakijui sura ya ardhi ya Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, maana chombo cha Huygens kilitua huko Januari mwaka huo. Cha kabla ya Julai 2015 kitakuonyesha Pluto kama doa tu. Ukiyashika haya, hakuna kitabu cha zamani kitakachokupotosha. Utakisoma ukijua kilisimama wapi.

Kuhusu Zuhura, swali lako ni zuri mno. Mwaka 1962 chombo cha Wamarekani, Mariner 2, kilipita karibu nayo kikapima mawimbi ya redio yanayotoka kwenye sayari, yakaonyesha joto kali. Desemba 1970 chombo cha Wasovieti, Venera 7, kikatua na kutuma vipimo kutoka ardhini. Ndicho chombo cha kwanza kutuma habari kutoka kwenye uso wa sayari nyingine. Kitabu kizuri ni kile kinachokupa hadithi hiyo pamoja na namba. Kikikupa namba tupu, kirudishe.

Nakato_Jinja
Kaka, hela yako itunze kwanza. Kuna kitabu cha chuo kinaitwa *Astronomy*, kimetolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Waandishi ni Andrew Fraknoi, David Morrison na Sidney Wolff. Kilitoka 2016, toleo la pili 2022. Ni bure kabisa na kwa njia halali: unakipakua chote, na leseni yake inakuruhusu kutoa kopi.

Ni kikubwa, usijaribu kukisoma kuanzia jalada hadi jalada. Soma sura ya 3, ya mizunguko na nguvu ya mvutano, na ya 4, ya dunia, mwezi na anga. Halafu ruka hadi ya 7. Kuanzia 7 mpaka 14 ni mambo ya sayari na mfumo wa jua tu: Dunia, Mwezi na Zebaki, Zuhura na Mirihi, sayari kubwa za gesi, pete na miezi, vimondo, na jinsi mfumo wa jua ulivyoanza. Sura za nyota na magalaksi zitakungoja.

Pakua mahali penye Wi-Fi, weka kwenye flashi, peleka kwenye duka la kopi hapo mjini wakutolee sura hizo tu, nyeusi na nyeupe, pande mbili za karatasi. Ukipita Kampala, Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, watakufungia vizuri. Karatasi zamuni haziishi chaji.

Msafiri_Gulu
Nafuatilia. Nami nilitafuta kitabu cha namna hii muda mrefu.

Wanyama_wa_Masaba
Naomba nitofautiane kidogo na dada Nakato. Afande asianze na sura ya 3, aanze na mawe. Yeye yuko Tororo!

Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, kimondo kilipasukia juu ya Mbale na mawe yakaanguka mjini na vijijini. Nilikuwa mtoto, nasikia mngurumo huo mpaka leo. Kubwa lililookotwa lilipita kilo 27. Kipande kidogo cha gramu chache kiligonga jani la mgomba kisha kikampiga kijana kichwani, naye hakuumia. Mawe yale ni ya aina ya kondriti, yaani mabaki ya asteroidi, miamba midogo inayozunguka jua, na umri wa mawe ya aina hiyo ni kama miaka bilioni 4.5. Hakuna jiwe la asili ya dunia lililo na umri huo. Sura ya 14 inaeleza hasa mambo haya, jinsi mawe kama ya Mbale yanavyotupa umri wa mfumo mzima wa jua. Mtu aliyekaribia tukio lenyewe ataielewa kuliko mwanafunzi wa huko Marekani.

Tena afande, ule Mwamba wa Tororo unaouona kila asubuhi ukitoka zamu ni kiini cha volkano ya kale. Mawe ya chokaa yaliyochimbwa hapo kwa ajili ya saruji ni kabonatiti, yaliyotokana na magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) yenye kaboneti nyingi. Magma ya namna hiyo ni adimu. Volkano pekee duniani inayoitapika siku hizi ni Ol Doinyo Lengai, Tanzania. Sasa nenda Zuhura. Chombo Magellan, kilichoipiga ramani kwa rada miaka ya 1990, kilionyesha mfereji wa Baltis, karibu kilomita 6,800, mrefu kuliko Nile. Nini kiliuchimba mahali ambapo maji hayawezi kukaa? Wapo wanasayansi waliopendekeza kwamba ni lava ya aina ya kabonatiti, kwa kuwa si nzito, hutiririka kirahisi na huenda mbali kabla ya kuganda. Halijathibitishwa, lakini jiwe la kukuwezesha kulifikiria liko mlangoni kwako.

Na Elgon yetu, mita 4,321, ukiilinganisha na Olympus Mons, volkano ya Mirihi yenye kimo cha karibu kilomita 22, utauliza kwa nini ile ikawa kubwa hivyo. Huko gamba la sayari halisogei kama mabamba ya dunia yetu, kwa hiyo lava ilitoka mahali palepale kwa mamilioni ya miaka, na mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya wetu. Sayansi ya sayari kwa sehemu kubwa ni jiolojia. Kitabu chochote cha jiolojia cha sekondari kitakusaidia kuliko kitabu cha picha za kupendeza.

Mwl_Fizikia_Arua
Wanyama umesema kweli, hapo nakubali. Ila sura ya 3 asiiruke moja kwa moja, maana hesabu yenyewe ni ya Senior 4. Tazama: chukua umbali wa sayari kutoka kwenye jua ukihesabu umbali wa dunia kuwa 1. Mshtarii ni 5.2. Zidisha 5.2 × 5.2 × 5.2, unapata kama 140.6. Tafuta kipeuo cha pili: 11.86. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mshtarii inachukua kulizunguka jua. Jaribu na Mirihi, 1.52, uone kama utapata 1.87. Ukiweza hilo, hakuna hesabu ya sura za sayari itakayokushinda.

Shangazi_Mutukula
Kwa binti yako wa P.6, tafuta vitabu vya shule za msingi za Tanzania. Kule shule za serikali husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, na mfumo wa jua umo. Huku mpakani tunavipata. Msome pamoja: wewe Kiingereza, yeye Kiswahili.

Mlinzi_wa_Zamu
Nimewasoma wote, asanteni kwa moyo. Nimefanya ya Mirihi kwa kalkuleta ya simu, imetoka 1.87 kweli. Sikuwa najua kwamba mwamba huu ulikuwa volkano, na nimeishi chini yake miaka yote.

Swali la mwisho. Zamuni naona taa moja kali ambayo haimetimeti kama nyingine. Nitajuaje kama ni sayari, na ni ipi?

Nakato_Jinja
Kutometameta ni dalili nzuri. Nyingine ni mahali ilipo: sayari zote hukaa karibu na njia ileile inayopita jua, na hapa karibu na ikweta njia hiyo hupanda juu sana kichwani, kwa hiyo una nafasi nzuri kuliko watu wa Ulaya. Ikiwa kali mno na haiachani sana na jua, yaani unaiona magharibi jioni au mashariki alfajiri tu, ni Zuhura. Ikikaa juu usiku wa manane, Zuhura haiwezi. Fikiria Mshtarii, au Mirihi ikiwa na wekundu.

Ukipata darubini ya macho mawili ya kuazima, egemeza mikono ukutani uitazame Mshtarii. Vidoti vinne kandokando yake ni miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610. Vichore kwenye daftari, na kesho yake uvichore tena, vitakuwa vimehama. Fanya hivyo kabla ya kusoma sura ya 12.

Wanyama_wa_Masaba
Na ukipata siku ya mapumziko, njoo Mbale. Nitakuonyesha baadhi ya mahali mawe yalipoangukia. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha tupange.