Napimaje weupe wa kanzu kwa Paint tu?

Kamera_Ngamiani:
Wakuu habari za jioni. Mie napiga picha za harusi hapa Tanga, laptop yangu mzee mzima, ina Paint ile programu ya kuchorea ya Windows basi. Jumamosi nimepiga nikaha moja, bwana harusi kanzu nyeupe, jua la saa saba utosini. Kwenye skrini picha tamu, nimepeleka kusafishwa kanzu imetoka kama karatasi, hakuna mkunjo wala ile tarizi ya shingoni, na mwenye studio kashikilia mashine yake haina shida. Sasa nataka kujua kabla sijaprinti kama weupe umepitiliza, ila Paint haina ile grafu ya mwanga. Nimechukua kibomba cha kunyonya rangi nikagusa kanzu, dirisha la rangi likaniandikia Lum (yaani mwangaza) 240, nikasema mbona bado, si mwisho 255? Nikajaribu kusevu kwa monokromu, yaani nyeusi na nyeupe tupu, ikawa madoadoa kama fotokopi ya 1990.

fundi_pikseli:
Mkuu hapo ndo ulipoingia chaka 😂 Lum ya Paint mwisho wake ni hiyo hiyo 240, ushagonga dari. Soma zile namba tatu pembeni, nyekundu kijani na bluu, hizo ndo zinaenda 0 mpaka 255. Zote tatu zikisoma 255 hamna kitu pale, hata ushushe mwanga utapata kijivu tupu. Zikiwa 240 na kidogo bado kuna uzi wa kushika. Na usiguse mara moja ukaridhika, faili la picha la JPEG lina chenga, gusa sehemu tano sita.

BintiBagamoyo:
Kwenye rangi ndo Lum inadanganya kabisa. Mie mchoraji, napima picha kwanza nijue kipi kikae kwenye kiza kipi kwenye mwanga. Njano tupu na bluu tupu zote zinakuja Lum 120, jamani, njano na bluu! Paint inajumlisha namba kubwa na ndogo inagawa kwa mbili, kisha inaileta kwenye kipimo chake cha 240, jicho halioni hivyo. Toa kikokotoo: nyekundu mara 0.299, kijani mara 0.587, bluu mara 0.114, jumlisha. Njano inatoka 226, bluu 29.

mzee_wa_raskazone:
Binti, kikokotoo kwa picha mia nne za harusi? Dogo weka programu ya picha ya IrfanView, nyepesi, hata hiyo laptop yako itaibeba. Bonyeza Ctrl na G picha inakuwa nyeusi na nyeupe, halafu gusa popote, namba zinatokea juu kabisa kwenye jina la faili, na zote tatu zinafanana so unasoma moja tu. Grafu nayo imo. Ila usisevu juu ya orijino, mie nishalia hapo.

Kamera_Ngamiani:
Shukrani wazee wangu. Nimepima sasa hivi. Kifuani 243, 241, 246, hapo naweza kuokoa. Bega la kushoto 255 kila nnapogusa, mpaka shingoni, tarizi ndo imekwenda. Na mama yake ndo aliyeitarizi, sijui namwanzaje.