Nimetii, ila nimenuna. Huo ni utii?

SautiYaNne
Bwana asifiwe wapendwa. Nimeongoza kwaya miaka 9. Mwezi uliopita wazee wakaniita, wakasema kijana mwingine ashike, mimi nisaidie kupanga viti kabla ya ibada. Nikajibu "amina", tena kwa sauti nzuri. Tangu hapo nafika saa moja asubuhi, napanga, lakini kila kiti nakiburuza kama nina ugomvi nacho. Jumapili iliyopita wakaanza wimbo juu mno, sauti ya kwanza ikakatika ubeti wa pili, nami nikafurahi! Aibu ikanishika palepale. Sasa niendelee hivi hivi, au nipumzike hadi moyo utulie?

MamaMapacha
Usiache, kaka. Soma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu aliyeambiwa na nabii akaoge Yordani apone ukoma, aliondoka kwa hasira, akisema Abana na Farpari, mito ya kwao, inashinda maji yote ya Israeli. Waliombembeleza ni watumishi wake mwenyewe. Akashuka Yordani, akajichovya mara 7, akatakasika. Hakuna palipoandikwa kwamba alishuka akicheka. Na yule mwana wa Mathayo 21, alipotumwa na baba yake, alisema "Sitaki", baadaye akatubu, akaenda shambani. Wewe ulitanguliza amina, hiyo sitaki ikabaki tumboni. Mtapikie Mungu, anaijua tayari.

KandoYaMadhabahu
Mimi hapo sikubaliani sana. Kumtii Mungu ni kitu kimoja, kumeza kila uamuzi wa wazee ni kingine. Uliwauliza sababu? Mariamu alimwuliza malaika kwanza, "Litakuwaje neno hili?", ndipo akajiita mjakazi wa Bwana. Hakuna aliyemwita mwenye kiburi.

Mzee_SafuYaNyuma
Kijana, angalia Kutoka 21. Mtumwa Mwebrania alitumika miaka 6, wa 7 akaachiwa huru bure. Aliyetobolewa sikio mlangoni, alama ya kubaki mtumwa daima, ni yule tu aliyesema "nampenda bwana wangu, sitaki kutoka". Mlango ulikuwa wazi, naye akabaki. Kuongoza kwaya ulikupenda, hilo halina ubishi. Mwenye kwaya je?

SautiYaNne
Mzee, umenichoma.
Jana nimewauliza. Walisitasita, kisha mmoja akasema: vijana 3 waliacha kwaya kwa sababu nilikuwa nawafokea mazoezini mbele ya wenzao. Mmoja namkumbuka, alikuwa anachelewa kuingia kwenye kiitikio. Nilidhani amehama.
Yule kiongozi mpya ameniomba Jumamosi nikampe kii, yaani sauti ya kuanzia, ya ule wimbo uliokatika. Nitaenda, nikishamaliza viti.